Namba za kwenye memori kadi ni za wote, karatasi ina mwenyewe

Leo sina somo la mtaji wala la kumkwepa mteja anayekopa. Nina jambo la bango la ukutani, limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa.

Wanaonifahamu wanajua nina fremu ndogo karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Nauza chaji, hedifoni, kava, flashi na memori kadi. Ukutani nilibandika bango linaloeleza alama za kwenye memori: hii herufi maana yake nini, hii namba maana yake nini, simu ipi inakubali ipi. Nililiandika mwenyewe kwa Kiswahili, nikalipeleka steshenari wakalitoa kwa rangi na kulifunika plastiki. Lilinigharimu 7,000.

Sasa mzee mmoja anayetuuzia mzigo wa jumla akapita, akalisoma mpaka chini, akasema: "Mwanangu, toa hilo bango. Hivyo vipimo vina wenyewe, ni makampuni makubwa ya nje. Siku wakija na COSOTA utafunga duka." Mzee namheshimu, amenikopesha mzigo nikiwa sina kitu. Nikalitoa jioni ile ile.

Siku nne baadaye akapita kijana fremu kwa fremu anauza karatasi zilizobanwa pini, 5,000 kila moja. Juu zimeandikwa "SIRI ZA MEMORI KADI, USIPIGWE TENA". Nikafungua. Ukurasa wa pili ni bango langu! Limepigwa picha, jina la duka limekatwa, ila kosa langu la kuandika "kasi ya kuandka" limebaki vile vile. Kurasa nyingine zote ni Kiingereza, zimetolewa kopi kwenye waraka ambao mimi niliupata bure kabisa.

Kwa hiyo mmoja ananiambia hata kuandika kwa mkono wangu ni wizi, mwingine anauza kila kitu pamoja na cha kwangu. Nimekaa nikafuatilia, nikasoma sheria yenyewe, nikauliza waliosoma. Mimi niliishia kidato cha nne na si mwanasheria, ila naona wote wawili wamekosea, na makosa yao yanatugharimu hela sisi wauzaji wadogo.

Kwanza mjue lile bango lilitoka wapi.

Mwaka jana mwezi wa nane kaka mmoja mpiga video wa maharusi alinunua kwangu memori ya 128GB kwa 35,000. Mzigo nilikuwa nimetoka nao Kariakoo siku mbili kabla, boksi zuri, maandishi ya dhahabu. Akaenda kupiga harusi ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu kabla sijafungua. Video za kanisani zipo, za ukumbini hakuna kitu. Faili linaonekana jina na ukubwa, ukilifungua halichezi. Bibi harusi alikuwa amelipa 400,000 kwa kazi nzima na alikuwa anadai zote.

Nilichokuja kujua ni kwamba ile kadi ndani ilikuwa na 8GB tu. Memori kadi si kipande cha plastiki chenye nafasi tupu. Ndani yake kuna kichipu kinachoongoza, na ndicho kinachoiambia simu au kamera "mimi nina gigabaiti kadhaa". Matapeli wanakipanga upya kiseme 128. Kamera inaamini. Ukishajaza zile 8 za kweli, kinachofuata kinaandikwa juu ya cha zamani au kinapotea hewani, na kamera haioni shida yoyote. Wala hakuna taa nyekundu.

Nilimrudishia 35,000 yake, nikampa kadi nyingine, na tukakubaliana nimlipe nusu ya zile laki nne kidogo kidogo. Laki mbili kwa fremu kama yangu ni kodi ya miezi miwili na ushee. Ndiyo maana nikaamua sitauza tena kitu nisichokijua. Nikaanza kutafuta hizi alama maana yake nini na nani amezipanga.

Aliyezipanga ni chama kinaitwa SD Association. Mwaka 1999 kampuni tatu, SanDisk, Toshiba na Matsushita ambayo leo tunaijua kama Panasonic, zilikubaliana aina moja ya kadi, na Januari 2000 wakaunda chama cha kusimamia vipimo. Ndiyo sababu memori ya kiwanda chochote inaingia kwenye simu ya kiwanda chochote: microSD zote ni milimita 15 kwa 11, na zote zinaongea lugha moja na simu.

Na vipimo vyao vina milango miwili. Mlango wa kwanza uko wazi. Wanatoa toleo la vipimo lililopunguzwa, unakubali masharti, unalipakua bure. Mwanzoni wameandika kwamba ni sehemu tu ya vipimo kamili, kwamba waraka una mwenyewe, na kwamba ukitaka kutengeneza kitu kwa kuufuata unaweza kuhitaji leseni. Mlango wa pili una kufuli. Toleo kamili ni la wanachama, na uanachama unalipiwa kila mwaka kwa dola. Fremu ya Msamvu haihusiki huko.

Haya, mimi nilipita mlango wa kwanza. Kiingereza chake kigumu, nilikuwa nasoma ukurasa mmoja usiku mmoja na kamusi ya kwenye simu. Lakini yaliyomo yanaokoa hela. Nawapa yale yanayonisaidia kila siku dukani.

Kadi iliyoandikwa SD tu, mwisho wake ni 2GB. Iliyoandikwa HC inazidi 2GB mpaka 32GB. XC inazidi 32GB mpaka 2TB. Ipo na UC ya mbele zaidi, huku kwetu sijaiona. Kwa hiyo mtu akikuletea kadi imeandikwa 64GB na chini yake HC, huhitaji kuijaribu. Aliyeichapa hajui hata anachokidanganya. Mwezi uliopita nimerudisha kadi 20 za namna hiyo zikiwa bado kwenye boksi, msambazaji akanuna, shauri yake.

Namba ndani ya herufi C, kwa mfano 10, ni kasi ya chini kabisa ya kuandika: megabaiti 10 kwa sekunde. Namba ndani ya U, 1 ni megabaiti 10, 3 ni megabaiti 30. V30 ni 30, V60 ni 60, V90 ni 90. Hizi ni ahadi za chini, kwamba kadi haitashuka hapo ikirekodi video mfululizo. Ile "100MB/s" iliyochapwa kwa maandishi makubwa mara nyingi ni kasi ya juu ya kusoma, na ni majigambo ya kiwanda. Mpiga video haulizwi anataka ngapi ya kusoma. Muulize kamera yake inataka V ngapi.

A1 na A2 ni za wanaoweka programu za simu ndani ya memori. A1 inaahidi kusoma mara 1,500 na kuandika mara 500 kwa sekunde pale simu inaporukaruka huku na huku kuchukua vipande vidogo. A2 ni 4,000 na 2,000. Mteja wa kusikilizia nyimbo kwenye kitochi hahitaji hiyo, usimuuzie.

Halafu kuna ugomvi wa kila wiki: "umenipa 64 lakini simu inasoma 59, umenipunja." Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja ni baiti bilioni moja. Baadhi ya simu na kompyuta zinahesabu gigabaiti moja ni baiti 1,073,741,824. Gawanya mwenyewe bilioni 64 kwa hiyo namba, unapata 59.6. Ya 32 inakuwa 29.8. Hakuna aliyemega. Nilivyoliweka hili kwenye bango, ugomvi ulipungua nusu.

Sasa turudi kwa mzee wa jumla. Je, kuandika haya yote ukutani ni kuiba hakimiliki?

Sheria yetu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Inalinda kazi ya mtu aliyoiandika, aliyoichora, aliyoiimba. Hakuna haja ya kuisajili kwanza, ukishaibuni inalindwa. Lakini sheria hiyo hiyo inasema ulinzi haufiki kwenye wazo, utaratibu, mfumo, njia ya kufanya jambo, wala takwimu tupu, hata kama vimeelezwa ndani ya kazi inayolindwa. Sasa kwamba HC inaishia 32GB ni nini? Ni ukweli tu, kama vile gunia hili lina kilo 100. Aliyeandika kitabu cha magunia ana haki na kitabu chake, hana haki na kilo.

Kuna kesi moja ya zamani ya Marekani iliyonifurahisha kwa sababu inahusu daftari la hesabu, yaani sisi kabisa. Bwana Charles Selden alitoa kitabu mwaka 1859 kufundisha namna yake ya kutunza hesabu, na ndani akaweka kurasa zenye mistari na vichwa vya kujazia. Baadaye bwana anaitwa Baker akauza madaftari yenye njia inayofanana, mistari yake ameipanga kivyake. Mjane wa Selden akaenda mahakamani. Ikafika Mahakama Kuu ya juu kabisa, na uamuzi wake, unaotajwa kama wa 1879, ukawa kwamba maelezo ya kitabu ni ya mwandishi lakini njia ya kutunza hesabu ni ya yeyote anayetaka kuitumia. Anayetaka kuimiliki njia yenyewe aende kwenye hataza, ile haki ya mvumbuzi, ambayo ina masharti yake na muda wake. Ingekuwa vinginevyo, leo tungelipia mtu kila tukichora mstari wa "pato" na "matumizi".

Kwa hiyo mzee, kwa heshima zote, bango langu halina kosa. Nililirudisha ukutani Jumatano.

Ila mzee ana ukweli wake sehemu mbili, na ningekuwa mwongo nisipozitaja. Ya kwanza ni nembo. Ile alama ya SD unayoiona kwenye kadi ni chapa ya biashara, na kuitumia kwenye bidhaa kunahitaji leseni. Wapo wenzetu siku hizi wanaagiza China kadi zenye jina la duka lao, na kiwandani wanaulizwa "tuweke alama gani?", wanajibu weka zote. Ndugu yangu, hapo huelezi tena kadi, unatengeneza kadi. Hakikisha kiwanda kina leseni, la sivyo mzigo ukizuiwa bandarini ni wako peke yako. Ya pili ni michoro. Mwanzoni nilitaka kukata michoro ya kwenye waraka wao niibandike kwenye bango. Michoro ni kazi ya mtu. Nikachora ya kwangu kwa rula, mibaya lakini inaeleweka.

Na huyu kijana wa 5,000? Yeye ndiye aliyekosea kweli. Kurasa za Kiingereza alizozitoa kopi ni waraka mzima wa watu, maneno yao, majedwali yao, michoro yao. Kupewa bure si kupewa ruhusa ya kuuza. Ukurasa wenye masharti ameutoa, nadhani aliona unaharibu biashara. Na mnunuzi ameliwa mara mbili, maana kitu chenyewe angekipakua bila senti zaidi ya bando.

Nilimfuata. Nikamwambia, kaka, huu ukurasa wa pili ni bango langu. Akanitazama, akacheka, akasema: "Dada, si wewe ulikuwa na meza ya kujaza nyimbo pale stendi? Wale wasanii walikupa ruhusa?"

Nilikosa jibu.

Ni kweli. Nilianza biashara na laptopu ya binamu yangu na mwamvuli, najaza nyimbo na muvi kwenye memori za watu, 1,000 kadi nzima, 500 nusu. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili. Wengi tunaouza memori leo tulitokea hapo, tusidanganyane, na wengine mpaka leo wanafanya. Mtaji wa fremu hii ulitoka kwenye kazi za watu ambao hawakuona hata mia. Wimbo si takwimu, ni kazi ya mtu kabisa, hauna mlango wa kutokea kama ule wa kilo na gunia. Niliacha nilipopata fremu, na sikuacha kwa ucha Mungu. Niliacha kwa sababu kwenye fremu unaonekana, kwenye mwamvuli unakimbia.

Kwa hiyo nilipotaka kumkaripia kijana nikajiona nacheka mwenyewe. Tukakaa kwenye benchi tukaongea vizuri. Nikamwambia hivi: namba chukua zote, si zangu. Sentensi zangu, ule mfano wangu wa ndoo na mabomba na vile vichekesho, ni vyangu, andika vyako. Kurasa za Kiingereza toa, waonyeshe watu pa kuzipata bure. Kama unataka hela, tafsiri kwa maneno yako, eleza kwa mifano ya simu zinazouzwa hapa Morogoro, uza hiyo jasho lako. Alisema atafikiria. Juzi nimeona bado anauza zile zile, ila ukurasa wangu ameuondoa. Nusu shari.

Hapo mtasema basi mambo yako sawa, tunaandika namba kwa uhuru, tatizo nini. Tatizo langu ni ule mlango wa pili.

Kila memori ina kitambulisho chake ndani, kinaitwa CID. Kipo kwenye toleo la bure, kimeelezwa vizuri: namba ya mtengenezaji, herufi mbili za kampuni, jina la bidhaa la herufi tano, namba ya mfululizo, mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Ukiwa na laptopu yenye tundu lake la kadi na mfumo wa Linux unaweza kukisoma. Hizi za kuchomeka USB mara nyingi hazikuonyeshi. Mimi nilinunua laptopu kuukuu kwa ajili hiyo tu.

Mhandisi mmoja wa Marekani, Andrew Huang anayejulikana kama bunnie, alipata kadi za mashaka kiwandani akiwa anatengeneza vifaa vyake. Alizichunguza, akasoma hivyo vitambulisho, akakuta namba zisizoeleweka kwenye kadi zenye chapa inayojulikana, kisha akaandika kila kitu hadharani. Aliweza kwa sababu sehemu za kitambulisho zilikuwa zimechapishwa. Zingekuwa siri angebaki na kadi mkononi kama mimi na mpiga video wangu.

Lakini orodha yenyewe, yaani namba fulani ni ya kampuni fulani, haimo kwenye waraka wa bure. Umeandikwa tu kwamba namba zinagawiwa na SD-3C, kampuni inayoshughulika na leseni zao. Kwa hiyo nikisoma kadi nikaona namba ya mtengenezaji, nalinganisha na vijiorodha vilivyokusanywa na watu wa kujitolea wanaosoma kadi zao wenyewe. Kama vile uwe na namba ya gari lakini huruhusiwi kuuliza ni la nani.

Najua jibu litakuwa nini, kwamba wakiiweka wazi matapeli wataiga. Lakini tapeli anayo tayari. Ana kadi halisi mezani, anasoma namba, ananakili. Asiyekuwa nayo ni mimi. Orodha ya namba na majina haina siri ya kutengeneza kadi, haitampa mtu kiwanda. Ingemfanya muuzaji wa Msamvu, wa Kigoma au wa Gikomba awe na cha kulinganisha kabla hajatoa hela kwa msambazaji. Na wanaoumia kwa feki ni pamoja na hizo kampuni zenyewe, maana mteja akipigwa anasema chapa fulani ni mbovu, hasemi nilipewa feki.

Na mambo yakifunguliwa huwa yanasaidia kweli, tumeshaona. Kadi za XC zinatoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa faili unaoitwa exFAT, ambao ulikuwa wa Microsoft. Kwa miaka mingi anayeuweka kwenye kifaa chake alitakiwa leseni, na watu wa Linux walikuwa wanabahatisha kwa kuchungulia kadi zinavyojiandika. Ndipo unakuta simu ya bei ndogo haujui huo mpangilio, unaweka kadi nzuri ya 64 inaandika "kadi imeharibika", mteja anarudi na hasira anasema feki. Agosti 2019 Microsoft wakachapisha vipimo vya exFAT na kukubali viingie Linux. Mwaka uliofuata, 2020, Linux ikapata exFAT iliyoandikwa vizuri na watu wa Samsung. Simu za zamani bado zipo mtaani na ugomvi wake upo, ila chanzo kipya kimekauka. Kwa hizo za zamani, fomati kadi kwa FAT32 kwenye kompyuta, nyingi zitaisoma. Mwambie mteja tu kwamba kwa FAT32 faili moja haliwezi kufika 4GB, asije akarudi na muvi.

Nisieleweke vibaya, hata tukipewa orodha leo, namba inaweza kughushiwa. Kinachomaliza ubishi ni kuijaza kadi mpaka mwisho na kuisoma yote tena. Kuna programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac. F3 imetolewa kwa leseni huria, unaweza kuinakili na kumpa mwenzako bila wasiwasi wowote. Shida yake ni muda. Kadi ya 128GB inayoandika megabaiti 20 kwa sekunde inakula karibu saa moja na dakika 47 kuandika tu, kabla ya kusoma. Mzigo wa kadi 50 huwezi. Mimi nachukua tatu kutoka kila boksi, naziacha usiku kwenye laptopu. Ikifeli moja, boksi lote linarudi. Msambazaji mpya namwambia sharti hilo kabla sijatoa hela, na wawili wameshanikimbia, jambo ambalo nalo limenieleza kitu.

Bango sasa lina toleo la tatu, "kuandka" nimelirekebisha. Chini nimeandika: namba hizi zimetoka kwenye vipimo vya SD Association, maneno na michoro ni ya duka hili, ruhusa kupiga picha na kubandika kwako, si ruhusa kuuza. Mzee wa jumla alipita Ijumaa, akalisoma tena mpaka chini, akaguna. Kisha akaniuliza kama naweza kumpimia kadi zake boksi moja.

Nilimpimia. Moja kati ya tatu ilikuwa 16GB imeandikwa 64. Bado hajarudi Kariakoo kudai, anasema ataenda mwisho wa mwezi, na siku hiyo hiyo na mimi namalizia kwa mpiga video 40,000 ya mwisho.